Uraibu wa Picha Chini ya Mlima Rwenzori

Uraibu wa binadamu ni wa namna nyingi. Wako wafugao njiwa, wako wakusanyao stempu za nchi za mbali, na wako wasioona raha ya Jumapili mpaka wasikie matokeo ya kandanda redioni. Wako pia, ingawa vijijini si wengi, wale wapendao kupiga picha za mandhari: mlima, mto, ziwa, shamba lililolimwa, njia ipitayo katikati ya nyasi. Kundi hili la mwisho hupata taabu kueleweka. Mpiga picha wa harusi anaeleweka, na mpiga picha za vitambulisho anaeleweka zaidi. Lakini mtu mzima anayesimama kando ya barabara na kuelekeza kamera mahali pasipo na mtu, hudhaniwa kuwa ni mpimaji ardhi aliyetumwa kuwapokonya watu mashamba, ama ni mpelelezi, ama hana kazi ya kufanya.

Karani mmoja wa Bwera, mtumishi wa ofisi ya serikali, amewahi kudhaniwa yote matatu, na la pili mara mbili. Yeye hukaa na mkewe na watoto wanne karibu na mpaka wa Kongo, mahali ambapo Kilhukonzo ni lugha ya nyumbani na Kiswahili ni lugha ya soko, ya madereva na ya wageni watokao ng'ambo ya mto. Kamera yake ya kwanza aliinunua mwaka 2012 kutoka kwa fundi wa studio mjini Kasese, ambaye wateja walikuwa wakimpungukia kwa sababu ya simu. Ilikuwa kamera ya filamu. Baada ya miaka miwili filamu zikawa adimu na kuzisafisha kukawa ni safari ya Kampala; hapo akanunua kamera ya kidijitali iliyokwisha kutumika, ambayo anayo hata leo.

Kwa hakika Kasese ni mahali ambapo mtu mwenye uraibu huu angestahili kuonewa wivu. Msafiri atokaye Kasese mjini kwenda Kikorongo, kisha akapinda kuelekea Kinyamaseke, Kisinga na Bwera, huwa na mlima mkono wa kuume safari nzima, na mkono wa kushoto huwa na nyanda za Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, pamoja na maziwa madogo yaliyojaa katika kasoko za zamani. Njia kuu ya Mbarara huvuka mstari wa Ikweta karibu na hapo, palipojengwa duara la saruji ambalo kila mgeni hupigiwa picha ndani yake. Juu ya yote hayo iko Rwenzori, yenye kilele cha Margherita chenye mita 5,109, cha tatu kwa urefu barani Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya.

Lakini mlima huo ni mchoyo wa kujionyesha. Mgeni aweza kukaa Kasese juma zima asione ila mawingu, akarudi kwao akidhani amedanganywa. Katika miezi ya kiangazi, ambapo mtu angetarajia mbingu safi, vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa hufunika kila kitu kwa ukungu wa rangi ya maziwa. Wakati mwema ni asubuhi inayofuata mvua kubwa ya usiku. Hapo, yapata saa moja, theluji huonekana kwa muda ambao mtu aweza kuchemsha chai na kuinywa. Kisha mawingu hupanda kutoka mabondeni na mlango ukafungwa.

Jambo jingine ambalo wapiga picha wa huku hulijua kwa uzoefu ni kwamba jua la magharibi mwa Uganda huchelewa. Saa za Afrika Mashariki zimewekwa kwa kufuata nyuzi 45 za longitudo, nayo Kasese iko karibu na nyuzi 30. Kwa hiyo jua hufika utosini yapata saa saba mchana badala ya saa sita. Tangu saa nne hadi saa kumi, mwanga huangukia nchi kutoka juu kama maji yamwagwayo kwenye sinia. Vivuli hutoweka, vilima hulala, na bonde lenye kina kirefu hutoka pichani kama kitambaa kilichonyooshwa kwa pasi. Mwenye busara hupiga picha zake kabla ya saa tatu asubuhi, ama hungoja jioni, na katikati ya mchana hufanya kazi nyingine za nyumbani, ambazo kwa kawaida huwa zinamngoja.

Hizo kazi nyingine ndizo zilizoleta maneno katika nyumba ya karani. Mkewe hakuwa na chuki na kamera. Alichouliza jioni moja, akiwa ametandaza picha mezani, kilikuwa hiki: "Baba watoto, mlima una picha mia moja hapa. Watoto wako wana ngapi?" Walipohesabu walipata mbili, na moja kati ya hizo ilikuwa ya kitambulisho cha shule.

Shauri alilotoa mama huyo linafaa kujulikana na kila nyumba yenye mpiga picha. Hakumtaka mumewe aache mandhari apige nyuso. Alimtaka awachukue watoto aendako, na awaweke ndani ya mandhari. Tena alitoa daftari la shule la kurasa tisini na sita, akasema kila picha iandikwe: siku, saa, mahali aliposimama, na nani au nini kinaonekana. Kazi ya kuandika aliichukua mwenyewe, kwa kuwa hati ya mumewe, ingawa ni karani, husomwa na yeye peke yake.

Tangu mwaka 2014, basi, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi karani na binti yake mkubwa walikuwa wakienda bonde la mto Nyamugasani, ambao hushuka kutoka Rwenzori na kumwaga maji yake katika Ziwa Edward. Juu ya mteremko, kando ya njia, lipo jiwe bapa. Karani alisimama juu ya jiwe hilo, kamera ikiwa imewekwa juu ya fimbo iliyokatwa kwa kimo kimoja, naye binti alishuka hadi ukingoni mwa mto akasimama. Mwanzoni alikuwa na umri wa miaka sita na alionekana pichani kama punje ya mtama. Picha moja kila mwezi, mahali pale pale. Watu wa kijiji walizoea, na wengine wakawa wakipanga saa zao kwa kumwona.

Hapa inafaa kumtaja mtu aliyefanya jambo la namna hiyo kwa kiasi kikubwa zaidi. Mwaka 1906 Mwitalia Vittorio Sella alipanda Rwenzori katika msafara wa Luigi Amedeo, wa ukoo wa kifalme wa Italia, ajulikanaye zaidi kwa cheo chake cha Duke wa Abruzzi. Msafara huo ulifika kilele cha Margherita mwezi Juni mwaka huo, mizigo ikibebwa na wapagazi, Wakonzo wakiwa miongoni mwao. Wenyeji hao walikuwa na jina la theluji, Nzururu, kabla ya mgeni yeyote kuja kuupa mlima majina ya wafalme na malkia wake. Sella alikuwa fundi mkubwa wa picha za milima. Alipiga vilele na barafu kwa utulivu wa mtu anayeandika hati ya serikali, kila mwamba ukionekana mahali pake.

Thamani ya picha hizo imezidi jinsi miaka ilivyopita. Wataalamu wamezitumia kukadiria barafu iliyokuwapo, nayo makadirio ni kama kilomita za mraba 6 na nusu kwa mwaka 1906. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki kama kilomita moja ya mraba tu. Milima ya Emin, Gessi na Luigi di Savoia, iliyokuwa na barafu machoni pa Sella, sasa ni miamba mitupu. Wapiga picha wa zama hizi wamepanda wakatafuta mahali aliposimama, wakapiga tena, na ukiziweka picha mbili pamoja huhitaji kuelezwa neno. Kilichowasaidia ni kwamba mahali aliposimama Sella paliweza kujulikana. Picha nzuri ajabu isiyojulikana ilipigwa wapi wala lini isingefaa kwa kazi hiyo, ingefaa kalenda.

Karani wa Bwera hajapata kupanda hadi kwenye barafu. Nauli, viatu na ada za kupanda mlima ni mambo ya watu wengine. Lakini maeneo ya chini yanamtosha, na baadhi yake yana masharti kuliko hata mlima. Mpakani Mpondwe, mathalani, yeye haelekezi kamera kwenye daraja, wala kituo cha forodha, wala askari. Anaposhuka bonde asilolijua, humwona kwanza mwenyekiti wa kijiji, akasalimu, akasema jina lake na anakofanya kazi, akaonyesha picha kadhaa za mahali pengine ili ieleweke anachokitafuta. Hilo huchukua nusu saa ya mwanga mzuri, naye huihesabu kuwa ni sehemu ya gharama.

Katika ziwa la chumvi la Katwe sharti ni zito zaidi. Mahali pale panapendeza kupita kiasi: ziwa limo ndani ya kasoko, ukingo wake umegawanywa majaruba madogo kama madirisha, kila jaruba na rangi yake, na maji hubadilika kutoka kijivu hadi wekundu. Karibu yake kuna mabaki ya kiwanda cha chumvi kilichojengwa karne iliyopita, kikashindwa kwa kuwa mabomba yake yaliliwa na chumvi ile ile kilichokuja kuichimba. Wageni wengi husimama juu ya ukingo, wakapiga picha, wakaondoka. Watu waliomo ndani ya maji hadi kiunoni, ambao ngozi zao huchubuliwa na chumvi, hutoka katika picha hizo kama madoa meusi ya kuipendezesha rangi. Mama mmoja mwenye jaruba alimwambia karani, alipoomba ruhusa: "Piga, mwanangu, lakini ukishapiga uniletee niione. Wanachukua kila siku, sijaona hata moja." Akampelekea. Mama aliitazama kwa muda mrefu, akasema kwamba jaruba la jirani limemega lake, na kwamba alikuwa akilisema jambo hilo siku zote.

Katika mwezi wa Mei mwaka 2020 mito ya Kasese ilifurika. Si mara ya kwanza. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba ulitoka katika njia yake ukaharibu sehemu za Kilembe na Kasese, na mwaka 2014 ukarudia. Safari hii ya 2020 ilikuwa Nyamwamba, Mubuku, Nyamugasani na Lhubiriha kwa pamoja. Mawe makubwa kama nyumba yaliteremka, hospitali ya Kilembe ikaharibiwa, na maelfu ya watu wakaachwa bila makao.

Katika bonde la Nyamugasani mto ulihama. Chini ya jiwe bapa la karani palikuwa na mashamba mawili ya pamba na mahindi ya ndugu wawili, waliyorithi kutoka kwa baba yao, yakitenganishwa na mstari wa mimea ya mpaka uliotoka njiani hadi ukingoni. Baada ya mafuriko ilibaki mimea mitatu tu upande wa juu. Iliyobaki yote, pamoja na nusu ya udongo, ilikuwa imekwenda Ziwa Edward, na mahali pake palikuwa na mchanga na mawe meupe. Yatakayoshangaza wasiojua kilimo ni kwamba ndugu wale waligombania mchanga ule kwa ukali kuliko walivyopata kugombania pamba. Lakini mchanga wa mto huuzwa kwa wajenzi, na mto uliohama mara moja huweza kurudi na kuacha rutuba.

Usiku mmoja kaka mkubwa alifika nyumbani kwa karani akiwa na kuku. Walikuwa wakisali kanisa moja. Alieleza kwamba amesikia ziko picha, na kwamba amekwisha kuona moja katika simu ya kijana wa kijijini, ya mwaka 2016, ambayo mstari wa mpaka unaonekana wazi ukielekea upande wa mdogo wake. Alitaka hiyo hiyo, kubwa, ya kupeleka kwa wazee. Nyingine hazikuwa na haja.

Karani aliitafuta picha ile. Ni kweli, mstari ulionekana kama alivyosema mgeni. Karani naye angeweza kuitoa bila kusema uongo wowote, kwa maana picha ilikuwa yake, ya mahali penyewe, na ya tarehe ya kweli. Mkewe alikwenda akaleta daftari. Kwenye siku ile aliandika: "Mvua. Hakusimama jiweni. Alisimama chini ya mwembe." Mwembe uko hatua ishirini hivi kushoto kwa jiwe, na kwa mtu aliyesimama pale kila kitu cha bondeni husogea. Kuku alirudishwa usiku ule ule, kwa maneno ya heshima, na kaka mkubwa akaambiwa kwamba picha zote zitapelekwa, sabini na tatu, pamoja na daftari, na kwamba hata mdogo wake hatapewa moja peke yake.

Wazee walipokutana, mmoja wao aliyepata kuwa mwashi ndiye aliyeona namna ya kuzitumia. Katika picha zote zilizopigwa jiweni, mmea wa mwisho wa mpaka, ule wa ukingoni, ulionekana umesimama sawasawa mbele ya shina la mti mkubwa wa ng'ambo, ambao mafuriko hayakuung'oa. Mzee alipanda juu ya jiwe akiwa na picha mkononi. Kijana alitumwa mchangani na fimbo ndefu, akaambiwa atembee kufuata ukingo wa zamani, ambao sehemu yake ilikuwa bado inatambulika, mpaka fimbo iufunike mti. "Kushoto! Rudi kidogo. Hapo hapo, simama!" Fimbo ikachomekwa. Kisha kamba ikavutwa kutoka mimea mitatu ya juu hadi kwenye fimbo. Zoezi zima lilirudiwa kwa picha nyingine tatu za miaka mbalimbali, na fimbo haikuhama hata hatua moja. Walipojaribu kwa picha ya mwembe, mzee akiwa bado juu ya jiwe, kijana alijikuta hatua kumi na moja ndani ya shamba la mdogo.

Jambo hilo halikuleta furaha kubwa. Mdogo alithibitishiwa mchanga na mawe. Kaka mkubwa alikubali mbele ya wazee, akaweka alama ya kidole, lakini kanisani akahamia viti vya upande wa pili, na salamu zake kwa karani zikawa za kichwa tu kwa muda wa mwaka mzima. Mke wa karani alisema kuwa bei hiyo waliijua tangu kuku aliporudi.

Msomaji atakayependa kuanza uraibu huu hahitaji vyombo vingi. Simu yenye kamera inatosha kwa mwanzo, mradi asimame mahali pamoja na aandike. Picha zilizochapishwa adui zake ni unyevu na mchwa. Nyumba hii huzihifadhi katika kopo kubwa la bati la biskuti, kila mwaka ndani ya bahasha yake, kopo likiwa juu ya rafu isiyogusa ukuta. Zile zilizomo katika kadi ya kamera hunakiliwa mara mbili, na nakala moja hukaa kwa shemeji Kasese mjini, maana nyumba moja yaweza kuungua au kuchukuliwa na maji. Na daftari lisiandikwe kwa kalamu ya wino unaoyeyuka. Penseli ni bora.

Katika kiangazi cha mwaka uliofuata kaka mkubwa alifika tena, safari hii mchana na bila kuku. Hakutaja mpaka. Aliuliza kama ziko picha za mwaka 2015, mwezi wa kuchuma pamba, kabla mzee wao hajafariki. Karani alijibu kwamba zipo, lakini ni za bonde tu, hakumpiga mzee. Mkewe aliyekuwa akichambua maharage uani alisema bila kuinua kichwa kwamba mzee yumo; aliandikwa. Daftari lilifunguliwa, na kweli: "Binti ukingoni. Mzee mwenye shamba ameinama kwenye pamba, kofia nyeupe." Walipoikuza picha kwenye kompyuta ya ofisini, alionekana, si mkubwa kuliko ukucha, akiwa na kikapu mgongoni.

Kaka mkubwa alitaka nakala mbili. Alilipa gharama ya kuzichapisha, akazifunga ndani ya gazeti, moja yake na moja ya mdogo wake, akazifunga kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akaaga kwa mkono.